Kawa Tatu kwa Sinia Moja

Hapo zamani, enzi ambazo mpira wa vyuo ulichezwa mchana na kuliwa jioni, palikuwa na mji ukiitwa Kwamlindi. Sogeeni karibu. Wewe mwenye simu, iweke chini, hadithi yangu haishindani na simu. Na nyinyi mnaonusanusa huko jikoni, pilau iko tayari na nimeifunika. Sifunui mpaka nimalize hadithi, na sitamaliza mpaka mnijibu swali. Tumeelewana? Haya.

Kwamlindi kulikuwa na Sinia. Msidhani ni sinia kama haya masinia yetu ya kununua sokoni. Lile lilikuwa la shaba, pana, likizungukwa na watu ishirini na wanne wamekaa magoti yakigusana. Kila mwaka mavuno yakiisha, vyuo viwili vilialikwa kucheza mechi moja tu. Ikiisha, walioshinda na walioshindwa walikaa kwenye Sinia hilohilo, wakala pilau hiyohiyo kwa mikono, na aliyeshinda ndiye aliyemkatia nyama aliyeshindwa. Hiyo ndiyo iliyoitwa Mechi ya Sinia. Hapakuwa na kijana wa chuo ambaye hakuiota.

Sasa, nafasi zilikuwa mbili. Ya kwanza haikuwa na mjadala: bingwa wa Ligi ya Mjini, ligi ya vyuo vikubwa, vyenye makocha wa kulipwa na mashabiki wenye matarumbeta. Ya pili ilikuwa ya mwaliko. Kamati inakaa, inachagua. Na kamati ilikuwa inachagua nani? Mshindi wa pili wa Ligi ya Mjini. Mwaka huu, mwaka ujao, mwaka wa keshokutwa. Miaka thelathini!

Na ligi ndogo je? Zilikuwepo mbili. Kulikuwa na Ligi ya Bondeni na Ligi ya Milimani, vyuo vyenye wanafunzi wachache, viwanja vyenye kichuguu katikati. Wakiomba mwaliko, kamati inawaambia, "Nyinyi hamjacheza na wakubwa, tutawajuaje?" Wakienda kwa wakubwa kuomba mechi, wakubwa wanawaambia, "Nyinyi hamjawahi kukaa kwenye Sinia, tutacheza nanyi kwa lipi?" Zungukeni hapo mpaka mpate kizunguzungu.

Na dawa ya kizunguzungu hicho ilikuwepo. Sheria ya Kwamlindi ilisema hivi: ligi ambayo chuo chake kimecheza Mechi ya Sinia, mwaka unaofuata vyuo vikubwa lazima viende kucheza kwenye viwanja vyake. Watake wasitake. Kwa hiyo aliyealikwa hakuwa anajipatia pilau tu. Alikuwa anawafungulia mlango wenzake wote wa kule alikotoka. Hilo likae vichwani mwenu, nitalirudia.

Mwaliko wenyewe haukuwa barua. Kamati ilikuwa inasukisha kawa mpya ya ukindu, yenye rangi, inaipeleka kwenye chuo kilichochaguliwa. Siku ya mechi vijana wanaingia mjini wakiwa na kawa yao, nayo ndiyo itakayofunika Sinia. Na Kwamlindi walikuwa na jambo moja ambalo hata mlevi wao hakulivunja: ukiulizwa neno ukiwa umeshika kawa, unasema kweli. Hata kama inakuaibisha. Hata kama mama mkwe anasikia.

Basi mwaka mmoja, mwenyekiti wa kamati, Bi Mamkwe Shangali, alikwenda kwenye harusi ya mjukuu wake. Siku kumi. Akawaachia wajumbe wake watatu neno moja, "Kubalianeni. Mkishakubaliana, pelekeni kawa."

Thubutu! Wale wakubaliane? Mzee Kibua alikuwa mtu wa kuhesabu ushindi, akasema aitwe asiyefungwa. Bi Riziki alikuwa mtu wa shangwe, akasema waitwe wenye mashabiki, mji uchangamke. Mzee Mbelwa alikuwa mtu wa kupenda jeuri, akasema aitwe asiyemwogopa mtu. Walibishana siku ya kwanza, ya pili, ya tatu. Siku ya nne wakanuniana.

Siku ya tano Mzee Kibua akajisemea, "Mgeni akishafika na kawa mkononi, nani atamfukuza?" Akaenda kimyakimya kwa msukaji, akasukisha kawa, akaituma Bondeni.

Siku ya sita Bi Riziki akajisemea, "Mgeni akishafika na kawa mkononi, nani atamfukuza?" Akaenda kimyakimya kwa msukaji, akasukisha kawa, akaituma Chuo cha Ualimu, hapohapo mjini.

Siku ya saba Mzee Mbelwa akajisemea nini? Ehee, mmeshajua. Ikaenda Milimani. Na msukaji alipokea kazi zote tatu, akasuka zote tatu, akanyamaza. Yeye aliulizwa?

Siku ya mechi ikafika. Bi Mamkwe anarudi kutoka harusini, hina bado mbichi mkononi, anakuta mabingwa, Chuo cha Biashara, wanapasha misuli moto. Vizuri. Mara upande wa mtoni anasikia wimbo. Wanaingia vijana wa Chuo cha Kilimo cha Bondeni, jezi za kijani zimepauka, kawa mbele. Watu wakapiga vigelegele. Bi Mamkwe akasema, "Alaa! Mwaka huu Bondeni? Karibuni, wanangu."

Hajamaliza kuwakaribisha, upande wa sokoni matarumbeta. Chuo cha Ualimu hao, na umati wa kujaza mitaa miwili, kawa mbele. Bi Mamkwe akajishika kiuno.

Hajasema neno, upande wa mlimani vumbi. Chuo cha Ufundi cha Milimani hao, wametembea tangu jana, viatu wamevifunga shingoni, kawa mbele.

Kawa tatu! Bi Mamkwe akageuka kuwatafuta wajumbe wake. Mzee Kibua anatazama juu kama anatafuta mvua. Bi Riziki anajifunga kilemba upya. Mzee Mbelwa kakumbuka ana haja chooni.

"Nyinyi watatu," akasema Bi Mamkwe, "nitawashughulikia kesho. Leo nina wageni." Akawaita manahodha mbele ya watu wote. "Wanangu, kosa ni letu, si lenu. Lakini wa kucheza na mabingwa ni mmoja. Kila mtu aniambie kwa nini awe yeye."

Na pembeni, kwenye mafiga, kulikuwa na msichana wa miaka ishirini anayepika pilau ya Sinia. Huyo mwekeni kando kidogo. Nitamrudia.

Akaanza nahodha wa Ualimu, Twalibu, kijana mtanashati, kola imesimama. "Shikamoo, mama. Sisi tumekuwa wa pili kwenye ligi ngumu kuliko zote. Mechi kumi na nne. Tumefungwa mbili tu, zote na hawa mabingwa, na moja ilikuwa penalti ya dakika ya mwisho. Kila wiki sisi tunakutana na majitu. Hawa wenzangu nawaheshimu, lakini wakija kwenye ligi yetu wiki tatu tu, watatafutana. Na watazame watu walionifuata. Mji mzima umekuja kwa ajili yetu."

Alisema kweli? Alisema kweli. Matarumbeta yakalia, watu wakasema, "Huyu! Huyu!"

Akaja nahodha wa Kilimo, Semkiwa. Mfupi, mikono ya jembe, sauti ndogo mpaka watu wakalazimika kunyamaza. "Shikamoo, mama. Sisi tumecheza mechi kumi na mbili. Tumeshinda kumi na mbili. Mwaka juzi tulishinda kumi, mkatuambia bado. Mwaka jana tukashinda kumi na moja, mkatuambia bado. Mwaka huu tumemaliza mechi zote, hakuna iliyobaki ya kushinda. Mnasema tumecheza na wadogo. Mama, vyuo vikubwa nimeviandikia barua, na hawa Ualimu nimewaandikia tatu. Sikujibiwa hata moja. Nitamfungaje mtu asiyekuja uwanjani? Mimi huu ni mwaka wangu wa mwisho. Nikirudi leo na kawa yangu mkononi, wadogo zangu wa Bondeni nitawaambia wafanye nini zaidi? Washinde kumi na tatu?"

Alisema kweli? Alisema kweli. Safari hii hapakuwa na kelele. Kina mama waliokuwa wakimenya vitunguu walifuta macho, na si vitunguu vilivyowaliza.

Akaja nahodha wa Ufundi, Chamhingo. Mrefu, mcheshi, kidole gumba kimefungwa kitambaa. "Shikamoo, mama, na samahani kwa vumbi. Sisi tumefungwa tatu, sifichi. Ligi yetu ya Milimani tumeichukua kwa sare nyingi. Lakini mwenzangu Semkiwa aliandika barua, akakaa akasubiri. Sisi hatukusubiri. Tulishuka mlima kwa miguu, mara nne, tukagonga malango ya wakubwa tukasema, tumeshafika, mtatufukuza? Mabingwa wametufunga mbili kwa moja. Mwingine akatufunga tatu. Mwingine moja. Na wa nne tukamfunga sisi, bao moja bila, kwenye uwanja wake." Akamgeukia Twalibu, akatabasamu. "Niwatajie jina lake, au atajitaja?"

Uwanja ulicheka! Hata matarumbeta ya Ualimu yalicheka. Twalibu akainamisha kola.

Alisema kweli? Alisema kweli.

Bi Mamkwe akawatazama wote watatu. Kisha akasema, "Mmejisifu vizuri, na mimi nimependa. Ila mlipokuwa mnajisifu, kawa mlikuwa mmeziweka chini. Mlidhani sikuona? Haya, zishikeni. Kila mtu kwa mikono miwili. Sasa niambieni lile ambalo hamkulisema."

Lo! Manahodha wakaokota kawa zao polepole.

Semkiwa akasema, "Mama, katika zile kumi na mbili, siku moja wapinzani wetu walikuja wanane. Wengine walikuwa shambani wanavuna. Refa akaniuliza, tuahirishe? Nikasema tucheze. Tuliwafunga tano. Nilihesabu nayo."

Chamhingo, ule ucheshi wote ukamwisha. "Mama, siku tuliyowafunga Ualimu, nilijua ni wiki yao ya mitihani. Niliichagua makusudi. Walicheza wachezaji wa akiba, na kipa alikuwa na karatasi mfukoni anasoma."

Wa mwisho akasema Twalibu. "Mama, zile barua tatu zilifika. Nilizipokea mimi. Kocha wetu angekubali, ni mtu wa kupenda mechi. Sikumwonyesha. Nilijiambia, tukiwafunga Bondeni hatupati kitu, wakitufunga tutaziweka wapi nyuso zetu? Nilizificha chini ya godoro. Niliogopa."

Watu wakaguna uwanja mzima. Macho yote yakamgeukia Semkiwa, wakidhani atamrukia mtu shingoni. Semkiwa akaangua kicheko. Alicheka mpaka akachuchumaa. "Kumbe zilifika!" akasema. "Miaka yote nasema labda mwandiko wangu mbaya. Labda wanazisoma wanacheka. Kumbe mlituogopa!" Akasimama akamkumbatia Twalibu, kawa kwa kawa, na wale vijana wa Bondeni nyuma yake wakaanza kuruka na kuimba, "Walituogopa! Walituogopa!" Nawaambieni, hata kama wangechukua kombe wasingeimba vile. Twalibu alikuwa analia na kucheka pamoja, naye akaanza kuitikia wimbo, wimbo wa kumsema yeye mwenyewe.

Hapo ndipo yule msichana wa jikoni aliponyanyua sauti. "Bi Mwenyekiti! Pilau imeiva, na pilau yangu haisubiri kamati. Ikikaa motoni itashika chini, na lawama mtanipa mimi."

Bi Mamkwe akacheka. "Pakua, mwanangu."

Kwa hiyo mwaka ule, kwa mara ya kwanza tangu Sinia lifuliwe, mpira uliliwa kabla haujachezwa. Walijaribu kulifunika kwanza, desturi isivunjike. Kawa ya Bondeni ikawekwa, juu yake ya Milimani, juu yake ya Ualimu, ikawa mnara wa kofia unaoyumba. Ukaanguka. Basi wakaacha, wakakaa vyuo vinne, mabega yamebanana, wengine wamepakatana. Na kwa kuwa hapakuwa bado na mshindi, hakuna aliyejua nani amkatie nani nyama. Kila mtu akamkatia mwenzake. Mabingwa wakawakatia Milimani, Milimani wakawakatia Ualimu, Ualimu wakawakatia Bondeni, na Bondeni, ambao miaka thelathini hawakuwahi kulifikia Sinia lile, walikaa wanapokea nyama kwa mikono yote miwili. Bibi mmoja aliyekuwepo alisema hajawahi kuona watu wakila kwa furaha vile, hata harusini kwake.

Wakanawa. Wakapangusa midomo. Nahodha wa mabingwa akasimama, akajipigapiga tumbo, akasema, "Sisi tuko tayari. Tuleteeni yeyote." Wakaingia uwanjani kumi na mmoja, wakasimama nusu yao. Nusu ya pili ilikuwa tupu.

Naona mjanja mmoja huko nyuma ameinua mkono. Anataka kusema wacheze wote. Teremsha mkono. Jua lilikuwa limebaki la mechi moja tu, na ukitaka kubisha nenda kabishane na jua. Na wewe unayetaka kusema wapige kura, Bi Mamkwe alishakujibu siku ileile. Alisema, "Kura ni ya watu wasiotaka kufikiri. Hawa watoto wametoka mbali, watapata akili yangu." Na wewe unayetaka wachanganywe kikosi kimoja, acha mzaha, jezi tatu timu moja? Mabingwa wangekataa, na wangekuwa na haki.

Basi Bi Mamkwe akasimama kwenye mstari, kawa tatu miguuni pake. Upande huu Twalibu, aliyecheza na wagumu wiki hadi wiki, akaleta mji mzima, na aliyeficha barua kisha akasema mwenyewe mbele ya mji huo. Akichaguliwa yeye, mechi itakuwa kali, na mwakani mambo yatakuwa kama yalivyokuwa. Upande huu Semkiwa, aliyeshinda kila alichopewa kushinda, hata siku ambayo wapinzani wake walikuwa wanane. Akichaguliwa yeye, mwakani vyuo vikubwa vitateremka Bondeni, kwenye uwanja wa kichuguu, na hakuna mtu atakayeandika barua tena. Upande huu Chamhingo, aliyefungwa tatu kwa sababu alithubutu, na akashinda moja kwa sababu alivizia. Akichaguliwa yeye, mwakani wakubwa watapanda mlima, na vijana wa Milimani watapumzisha miguu.

Bi Mamkwe akainama. Akanyanyua kawa moja. Akaiinua juu, uwanja mzima ukalipuka kwa kelele, filimbi ikapulizwa.

Mnaniuliza ipi? Ngojeni. Nimewaambia nitamrudia yule msichana wa jikoni. Yule alikuwa bibi yangu, mzaa mama. Na mwaka uliofuata aliolewa na mmoja wa wale manahodha watatu. Ndiyo! Mnashangaa nini, mlidhani alikuwa anakoroga pilau tu? Alikuwa anakoroga na kutazama. Wakaishi miaka arobaini na moja, na swali hili lilikuwa ugomvi wao mtamu. Babu akianza kusema kamati ilitenda haki, bibi anasema hapana. Bibi akisema ilitenda haki, babu anageuza. Walikufa hawajakubaliana.

Na hii kawa iliyofunika pilau yenu, hii niliyoishika sasa, nimeinyanyua kabla ya wakati ili muione, imefifia rangi, ukingo umeliwa na mchwa. Ni moja ya zile tatu. Najua ni ya chuo gani. Najua kama ndiyo iliyoinuliwa siku ile au ndiyo iliyorudishwa nyumbani kwa miguu. Na nimeishika kwa mikono miwili, kwa hiyo mkiniuliza nitalazimika kusema kweli, kisha mtanijibu kwa kunifurahisha mimi, kwa heshima ya babu yangu. Ndiyo maana hamniulizi. Nawauliza mimi.

Haya, aliye karibu nami aanze, shika kawa hii na wewe, mikono miwili, tena upesi maana wali unapoa. Asiyefungwa lakini hakupewa wa kumjaribu, aliyejaribiwa lakini akawafungia wengine mlango, au aliyeugonga mlango mpaka ukafunguliwa, hata kwa hila. Je, nani alistahili kucheza Mechi ya Sinia?